Nimeiwasha Kompyuta ya Marehemu Kabla Haijakauka

Jamani, nishaurini.

Sisi wa kujitolea tunaandaa maonyesho ya kompyuta za zamani hapa Makandana, kesho tunafungua. Kwa unyevu huu wa Tukuyu, sheria yetu ni moja: mashine iliyolala miaka inakaushwa kutwa nzima karibu na jiko la mkaa, ndipo ichomekwe.

Sheria hiyo niliitunga mimi.

Leo Mama Tusekile wa Lupepo katuletea kompyuta ya marehemu mumewe, aliyoinunua miaka ya themanini mwishoni, enzi za ruksa. Akatoka kidogo kwenda sokoni. Kiherehere kikanishika, nikaichomeka.

Paa! Moshi.

Nikachomoa, nikafungua madirisha. Kugeuka, mama huyu hapa mlangoni. Harufu akadhani ni ya mkaa.

"Mwanangu, hamjaiwasha?"

"Bado, mama." (Ndiyo, nimedanganya.)

"Ndaga, asante. Mume wangu aliniachia barua humo ndani. Miaka yote naogopa kuisoma. Kesho nitaiwasha mwenyewe."

Naandika haya amekaa kando yangu, anapepea mkaa ili mashine yake ikauke vizuri.

Nimwambieje?