Jina la Ukoo Tulilompa Mtoto

Mwanangu wa kwanza anaitwa Cameron. Watu wa kwetu Uvira wakilisikia hudhani tulimpa jina la nchi, ile Kameruni ya mpira. Hatuna mtu Kameruni. Tulimwita kwa jina la mzee aliyenifundisha kuendesha gari.

Mzee huyo alikuwa Mmarekani, mstaafu, wa kanisa lililotupokea tulipofika Saint Paul kutoka kambi ya wakimbizi. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye ghala kubwa katika mji jirani wa Shakopee, na mimi bila kujua kuendesha ningebaki ndani nikitazama theluji. Basi Jumamosi mzee alikuja, tukaenda kwenye maegesho ya kanisa, akakaa kando yangu, mikono juu ya magoti. Nikikanyaga breki kwa nguvu alisema tu, "Taratibu." Mimba ilipokua, tumbo likawa linagusa usukani. Tukasogeza kiti nyuma, tukaendelea. Kanisani vijana wote walimwita Mista Cameron. Kwetu jina unaloitwa mbele za watu ndilo jina lako, kwa hiyo hatukuuliza zaidi.

Mtoto alipozaliwa mzee alikuja kumwona, ameshika sufuria ya supu ya kuku. Nikamwambia jina. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Hilo ni la ukoo," alisema. "Langu mwenyewe ni jingine."

Akatueleza kwamba babu wa babu yake alitoka Uskoti, na huko, kwa lugha ya zamani, maana yake ni pua iliyopinda. Wengine husema si pua ya mtu bali ni kilima kilichopinda. Yeye aliamini pua.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amempakata mtoto, hakujua Kiingereza, lakini alimwona mzee akigusa pua yake.

"Anasema nini?"

Nilifikiri kumpa kile kilima peke yake. Nikamwambia vyote viwili.

"Mmempa mtoto kilema," akasema. "Jina humfuata mwenyewe."

"Mama, si unaona mzee pua yake imenyooka?" mume wangu alijibu.

Mama mkwe hakutazama.

Kuanzia siku hiyo, kila alipomwogesha mtoto alipaka mafuta vidoleni akaivuta ile pua polepole mpaka nchani, na akamwita kwa jina la marehemu mumewe. Mimi na mume wangu tukaendelea na letu. Mtoto alipokea yote mawili, maana yake hakuitikia lolote.

Mzee hakuacha kuja. Jumapili moja tulikuwa tunakula sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, na samaki, mama mkwe akanigeukia.

"Muulize, kwao nani amebaki na jina hilo?"

Nikamuuliza. Alisema ana mabinti wawili, wote wamechukua majina ya waume zao. Kaka yake alikufa bila mtoto. Aliyasema haya kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Nilipotafsiri, mama mkwe aliacha kula. "Kwa hiyo yeye akiondoka, limekwisha?"

"Limekwisha, Mama."

Alimtazama mzee usoni kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tumfahamu.

"Basi likae," alisema. "Mwambie litakaa."

Nikamwambia. Mzee aliitikia kwa kichwa, akainama juu ya sahani yake, kisha akaomba aongezewe sombe. Mama mkwe ndiye aliyempakulia.

Baadaye mzee alihamia kwa binti yake, kwenye jimbo lenye joto. Mtoto sasa yuko darasa la tatu. Darasani kwao wapo akina Cameron wengine wawili, mmoja wao msichana, na nijuavyo hakuna mwenye asili ya Uskoti. Nikimsimulia kwa Kiswahili jina lake lilikotoka, anasikiliza mpaka mwisho, kisha ananijibu kwa Kiingereza kwamba yule msichana ndiye anayekimbia kuwapita wote.