Risiti za Gazeti la Bajia

Mimi kusoma nilikomea darasa la pili, lakini mtu akila kwangu namsoma vizuri. Na yule karani wa mikopo, jamani, niacheni niseme: akila, mimi moyo wanichafuka.

Nilikopa niongeze chumba hapa kwangu Barani, nikaweka hati ya nyumba rehani. Kila Jumatatu karani alikuja kuchukua malipo, nami niko kwenye karai naepua bajia. Mgeni hatoki kwangu mdomo mkavu, ndivyo nilivyolelewa. Namwekea sahani. Lo! Achovya bajia kwenye ukwaju, ailamba, achovya tena ile ile. Vidole vyote vitano kinywani! Kisha kwa vidole hivyo hivyo aniandikia risiti. Nami nacheka naye, "Ongeza, mwanangu."

Mwisho mwisho akasema kitabu cha risiti kimekwisha. Sikumbana. Mtu ashakula chumvi yako, utamwuliza nini? Akachana gazeti nililofungia bajia, akaandika pesa na sahihi yake. Mara nne hivyo, mpaka nikamaliza deni. Vipande vyote nikatia kwenye kopo la biskuti.

Hazikupita siku nyingi, barua hiyo kutoka ofisi ya mikopo: bado nadaiwa, nyumba itapigwa mnada. Wajukuu niwalaze wapi? Nikaenda mahakamani Malindi, kopo kwapani.

Karani akasimama, shati jeupe pe, aniita "huyu mama", kama hanijui. Akatoa karatasi moja tu, deni limeandikwa chini. Magazeti yangu akayanyooshea kidole: "Mheshimiwa, hizo ni takataka za bajia."

Hakimu, mwanamke mpole wa sauti, akamwuliza, "Hesabu iliyofikisha deni hili iko wapi? Alilipa nini, lini?"

"Iko ofisini, Mheshimiwa."

"Iko ofisini, nawe waja hapa kutaka nyumba ya mtu? Anayedai ndiye anayethibitisha. Na huu mwandiko kwenye gazeti ni wa nani?"

Karani akaanza kufunuafunua faili, na kila ukurasa alamba kidole. Nikashindwa kujizuia.

"Mtazame, mama hakimu! Ndivyo alivyokuwa akifanya kwangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akaniambia ninyamaze, lakini midomo yamcheza.

Akaamua deni halikuthibitishwa, mnada hakuna, hati nirudishiwe. Nikarudishiwa. Ina doa la mafuta, dole gumba zima, maana siku aliyoichukua pia alikuwa akila. Nimeipaka unga, nimeianika, doa halitoki. Pfyuu!

Juzi kapita hapa, haya hana.

"Shikamoo mama. Bajia zipo?"

"Marahaba. Zipo. Lipa kwanza."

Sahani sikumpa. Akanyoosha noti, nikaipokea kwa kipande cha gazeti. Mkono wangu haukuigusa.