Mgeni Aliyetikisa Finjani Mlimani

Haya ninayokuhadithia sikuyasikia kwa mtu. Yalinikuta mimi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, na mama yangu mzazi kakaa ubavuni mwangu. Ukitaka kusema ni baridi iliyonipanda kichwani, sema, hutakuwa wa kwanza. Mume wangu naye alianza na hilo hilo, mpaka akakumbuka alichokiona kwa macho yake.

Sisi ni watu wa Ibra. Mama kazaliwa Unguja, akaja Oman msichana, na Kiswahili chetu tumekinyonya kwake. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Salim. Salim alikuwa akifanya kazi Nizwa, na kila Alkhamisi jioni hurudi nyumbani. Akiwa njiani hupiga simu, na maneno yake ni yale yale: "Mama, teleka kahawa, nafika."

Alkhamisi moja alipiga simu hiyo na hakufika. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Anayezijua nchi hizi anajua wadi linavyofanya: ni bonde la mawe matupu, unalipita na gari mwaka mzima, halafu siku moja maji yanashuka kwa kishindo huku juu yako hakuna hata wingu. Gari lake lilipatikana kesho yake, mlango uko wazi. Yeye hakuonekana. Alitafutwa na polisi, na wanakijiji, na vijana wenye droni, mpaka wadi likakauka, na hakuonekana.

Hebu niambie, mama asiyeona maiti azike nini? Watu walipokuja kutupa pole aliwapokea kama wageni wa kawaida tu, akawauliza habari za watoto wao. Hakulia. Akakataza khitma isisomwe. Alisema yeye hamsomei khitma mtu aliyeko njiani. Na kila alasiri akawa anateleka kahawa, anaweka finjani moja ya ziada, ikishapoa anaimwaga. Mimi nilikuwa nikilia ndani ya gari, kwa sababu nyumbani kulia kulikuwa kama kumtukana mama.

Safari ya milima ya Alpi, huko Ulaya, ilikuwa ndoto ya Salim. Yeye ndiye aliyekuwa akimwonesha mama kwenye simu yale magari ya kebo, vibanda vya vioo vinavyoning'inia kwenye waya juu ya theluji, na kumwambia siku moja nitakupakia humo. Mama alikuwa akicheka, akimwuliza kama anamtafutia kifo. Basi mume wangu, Nasir, alipotoa shauri twende sisi badala yake, na watoto wetu wabadilishe hewa, nilijua mama atakataa. Akakubali papo hapo.

"Alisema atanipeleka," akaniambia. "Nitamngoja huko huko."

Nikaanza kufunga mizigo. 

Tukaenda. Mji wenyewe ulijaa watu wa Ghuba, ungedhani umo sokoni Nizwa siku ya Ijumaa, ila kila mtu pua nyekundu. Mama alichukua buni yake na iliki kutoka Ibra, akawa anapika kahawa katika jiko la nyumba tuliyokodi, anaijaza kwenye chupa yake. Siku ya kupanda, Nasir na watoto waliingia kibanda cha mbele. Mama magoti yake mazito na vibanda havisimami vizuri, kwa hivyo mimi na yeye tukachukua kilichofuata. Tulikuwa peke yetu. Mama akapakata chupa na mfuko wa finjani, macho kayafumba, anasoma aya.

Tulipofika katikati ya mlima ukungu ukatumeza. Nje pakawa peupe kabisa, hata waya hatuuoni. Kibanda kikapunguza mwendo, kikapita kwenye kituo kidogo, mlango ukafunguka. Akaingia mtu.

Wallahi alikuwa kavaa kanzu. Kanzu nyeupe na makubadhi, kwenye theluji! Akakaa mbele ya mama. Alikuwa karowa mwili mzima, na maji yaliyomchuruzika hayakuwa ya theluji, yalikuwa mekundu ya udongo. Ile harufu ya wadi baada ya mvua ikajaa humo ndani. Nikamtazama usoni, na mpaka leo sijui niseme nini. Uso ulikuwa ule, na haukuwa ule. Kila nikiushika unaniponyoka.

"Salamu alaykum, mama," akasema. "Baridi."

Mama alifumbua macho na hakushtuka hata kidogo. Hakumwita jina. Alifungua chupa, akamimina, akampa kwa mkono wa kulia.

Nikueleze kidogo ada yetu. Kwetu mgeni haulizwi kama anataka kahawa nyingine. Unamiminiwa kidogo, unakunywa, unamiminiwa tena, mpaka mwenyewe uitikise finjani kwa vidole. Ukishatikisa, maana yake umetosheka, mwenye nyumba anaipokea na kahawa yake inaishia hapo. Kumimina tena baada ya hapo ni aibu, na mama yangu ni mtu wa ada kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mgeni akanywa. Mama akamimina. Akanywa tena, mama akamimina tena.  Mimi nilitaka kumwita. Nilitaka anigeukie tu. Hakunitazama hata mara moja.

Halafu akaitikisa finjani.

Mama aliiona. Niliona macho yake yameiona. Lakini hakuipokea. Aliinamisha chupa akamimina nyingine, ikafurika, ikamwagika kwenye vidole vya yule mgeni, naye hakuungua. Katika maisha yangu yote sijamwona mama akifanya jambo kama lile.

Mgeni akainywa, kwa adabu. Akaitikisa tena, polepole, akaifunika kwa kiganja.

"Khalas, mama," akasema. "Nimetosheka."

Mama akaifunga chupa yake. Kisha akanyoosha mkono akaipokea finjani. Na hapo akalia, kilio alichokuwa amekizuia tangu Alkhamisi ile, kilio cha kutoka tumboni. Nikamkumbatia. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumetoka kwenye ukungu, jua linawaka, na mbele yetu kiti ni kitupu. Sakafuni maji mekundu.

Huko juu Nasir alitupokea, na kabla hajaona macho yetu akauliza tumempakia nani, maana ukungu ulipopasuka kidogo aligeuka nyuma akaona vichwa vitatu. Nilimwuliza mfanyakazi wa pale habari za kile kituo cha katikati. Akaniambia kimefungwa, hakipandishi mtu msimu huu. Mwenzake akaja na kitambaa kufuta ule udongo, akitutazama viatu, kwani vyetu vilikuwa safi.

Tuliporudi Ibra mama aliita watu, khitma ikasomwa, akapokea pole. Siku hizi analia akitaka, na anacheka pia. Alasiri anateleka kahawa ya walio hai, basi. Finjani ile aliniachia mimi.

Na hapo ndipo pangekuwa mwisho, kama ningekuwa na akili. Lakini yule mgeni alimtikisia mama, mimi hakuniaga. Kwa hivyo nyumbani kwangu, alasiri, ninayeweka finjani ya ziada sasa ni mimi. Mvua ikinyesha milimani naipata harufu ya udongo mlangoni, na asubuhi Nasir anafuta alama za makubadhi kizingitini. Juzi binti yangu aliniuliza mgeni tunayemngoja ni nani. Nikamjibu yuko njiani.

Wewe unayenisikiliza usiwe kama mimi. Mtu wako akiitikisa finjani, hata kama ameitikisa mbele ya mwingine, ipokee, ioshe, uirudishe kabatini. Mimi nimeshindwa, na mtoto wangu ameanza kukaa mlangoni.