Dakika Tatu Nilizokata

Mimi ndiye niliyezikata zile dakika tatu. Kwa miaka mingi nimesema ni kompyuta. Nilieleza kwamba faili ilikuwa imebanwa, na kitu kilichobanwa kikifunguliwa lazima kimwagike kidogo. Nina digrii mbili, na huo ndio uongo bora nilioweza kutunga.

Ilikuwa mwaka 2007. Mdogo wangu alikuwa Uarabuni, mwaka wa pili, akifanya kazi za nyumba. Kwa miezi minne hakuwa amepiga simu. Halafu mwenzake aliyerudi Kenya akaniletea Nakuru memori kadi ndogo kama ukucha. Ndani mlikuwa na video ya dakika kumi na moja, iliyorekodiwa kwa simu, mdogo wangu akiwa ameketi jikoni, kikombe cha chai mbele yake, akimsalimu mama.

Mama alikuwa na hoteli ya mabati Mai Mahiu, chai na chapati za madereva wa malori. Alikuwa na televisheni kwenye rafu na mashine ya sidii, ambayo haikuweza kusoma video ya simu. Nikaenda mjini kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la kukodisha filamu. Alijua kugeuza faili za kila aina ziwe sidii ya kuchezwa kwenye TV.

"Tuitazame kwanza, mwalimu," akasema. "Tujue kama sauti iko."

Sauti ilikuwepo. Dakika ya sita, mdogo wangu alitupa jicho mlangoni, akainama karibu na simu.

"Mum, wakikuambia niliugua nikafa, usikubali. Mimi si mgonjwa."

Akaendelea kwa kunong'ona: pasipoti imefichwa, mlango unafungwa kwa nje, mwenye nyumba amemwambia hakuna atakayemtafuta. Katikati ya maneno alikunywa chai, kama mtu anayemeza dawa. Kisha akasikia kitu, akaketi wima, akaanza kuuliza habari za kuku wetu kwa sauti ya furaha.

Mama alikuwa na presha, na daktari alisema asishtuliwe. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba fomu za wakala wa kazi aliyempeleka huko, nilimjazia mdogo wangu mimi, kwa Kiingereza safi, nikamsahihishia hata wakala makosa yake.

"Hicho kipande kinaweza kutoka?" nikauliza.

Mwenye duka alinisukumia kipanya cha kompyuta. "Kinaweza. Lakini utabonyeza wewe, mwalimu. Mimi nina watoto."

Nikabonyeza. Kugeuza kukachukua saa mbili, na mwishowe faili ikawa kubwa kuliko ilivyokuja. Aliniambia ndivyo zilivyo zikifunguliwa kwa ajili ya TV. Kubwa zaidi, na ndani yake maneno yamepungua.

Jumapili, Mai Mahiu, madereva waliacha kutafuna. Mama alisimama mbele ya TV na taulo begani, akitabasamu, mpaka picha ilipogutuka.

"Imeruka," dereva mmoja akasema. "Sidii za Nakuru hizo, mathe. Feki tupu."

"Rudisha," mama akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena.

"Kikombe kilikuwa kimejaa, kinatoa moshi," akasema. "Sasa kiko nusu na hakitoi. Ameinywa saa ngapi?"

"Ni kompyuta, mum. Faili ilikuwa imebanwa."

"Wewe, mimi huuza chai. Chai haipoi mtu akipepesa jicho. Alisema nini hapo?"

"Hakusema kitu."

Aliniangalia kama anavyoangalia maziwa asiyo na uhakika nayo.

Ningemwachia yale maneno, angeyalilia hayo tu. Kwa kuwa hakuyapata, aliyabuni mwenyewe, kila siku mabaya kuliko ya jana. Jumatatu alifunga hoteli, akaja Nakuru, akaketi kwenye ngazi za ofisi ya wakala.

"Wasichana wako sawa, mathe, ni kazi tu imewabana," wakala akamwambia.

"Basi mpigie nimsikie."

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Wiki ya pili wazazi wengine watatu walikuwa wameketi naye, na wakala akaanza kumwita madam. Mimi nilikuwa nikimfuata jioni, nikibeba kikapu chake na ile sentensi ya mdogo wangu, ambayo nilikuwa nimeikariri yote. Sikumwambia. Simu yangu ilipolia popote, nilijiona nikiambiwa, "Pole sana, aliugua."

Wiki ya tano, nikiwa katika chumba cha walimu, ilipiga namba nisiyoijua. Niliiacha iite mpaka ikakatika. Ikaita tena. Niliipokea, nikasikia watu wengi na mtu mmoja akipumua.

"Dada? Mbona hunyanyui?" Alikuwa mdogo wangu, meno yakigongana kwa baridi. "Niko erpoti, Nairobi. Wakala amewapigia, wamenirudisha hivi nilivyo, hata begi sina. Kujeni na sweta."