Mkono Mmoja wa Kizibao

Wiki iliyopita, mvua za vuli zilipopisha jua kali, nilimwambia mjukuu wangu atoe nguo zote kwenye kasha azianike, maana harufu ya ukungu ilikuwa imefika mpaka kwenye mto ninaolalia. Akatoa kanga, akatoa kanzu ya marehemu babu yake, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwa mtoto yule si jambo la kawaida, nikageuka. Alikuwa ameshika mkono wa nguo. Mkono peke yake, mnene, umejazwa sufi, viraka juu ya viraka.

"Bibi," akauliza, "mwenye mkono huu yuko wapi?"

Watoto bwana! Mtu mzima angeuliza nguo yenyewe iko wapi.

Nilimwambia auanike kivulini, rangi isipauke. Yeye nilimpa jibu fupi, akaenda zake kucheza. Wewe, rafiki yangu, vuta mkeka, nitakupa refu.

Nililelewa hapa hapa Bagamoyo, miaka ile misafara ya bara ilipokuwa ikiingia na kutoka kama siafu. Mji ulinuka papa mkavu, sandarusi na jasho la wapagazi. Alfajiri uliamshwa na mwadhini, na kabla hujanawa uso, punda nao walikwisha jibu. Kisha mitwangio ikaanza, nyumba hii na ile, na ukisikiliza vizuri ungejua nani anatwanga mtama na nani anatwanga hasira zake.

Baba alitangulia, mama akamfuata. Tukabaki watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba, msichana aliyekuwa bado ananyonya kidole. Nilikuwa nasoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, ndiyo kwanza nimeanza kuunganisha herufi. Siku tuliyotoka kumzika mama nilikiweka kibao changu cha kuandikia juu ya kabati la mwalimu, nikambusu mkono, nikaondoka. Mwalimu hakuniuliza kitu. Alijua mtoto mwenye wadogo wawili mgongoni hawezi tena kushika kibao.

Mjomba alituchukua. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema usije ukamchukia. Alikuwa na watoto wake, na uani kwake walilala wapagazi waliongoja msafara, na chungu cha uji kilikuwa kimoja. Mkaza mjomba, mkewe, alikuwa na ulimi mkali na upawa mkarimu. Akikutukana, alikuongezea mchuzi. Tulikuwa tukitamani atukasirikie siku za muhogo wa nazi.

Nikavunja ungo nyumbani kwa mjomba, nikawekwa ndani.

Ninyi wa siku hizi mnasikia tu habari za wali. Zamani mwali alikuwa haoni jua. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, hakina dirisha. Sikutakiwa kuonwa na mwanamume yeyote, hata ndugu yangu wa tumbo moja, wala sauti yangu haikutakiwa kuvuka kizingiti. Somo wangu, mwanamke jirani aliyenifunda, aliniambia: "Mwali ni yai. Akitikisika kabla ya wakati, hatoki kifaranga." Nilikaa humo nikisuka ukili wa mikeka na kusikiliza. Nilijua mji wote kwa masikio. Nilijua mjomba ameamkaje kwa jinsi alivyokohoa. Na nilijua kuwa ikiwa nitautia mguu nje, aibu itamwangukia yeye, na watakaolala njaa kwa aibu hiyo ni wadogo zangu.

Ukuta mmoja wa chumba uliangalia uchochoro. Udongo ulikuwa umebomoka kati ya fito, pakawa na tundu la kupitisha bakuli. Ndipo mdogo wangu alipokuwa akija kuninong'oneza.

Siku moja nikamsikia mjomba uani akizungumza na kirangozi, kiongozi wa wapagazi.

"Mtoto mwenyewe ana nguvu?" akauliza kirangozi.

"Ana njaa," mjomba akajibu. "Njaa ni nguvu."

Wakacheka wote wawili. Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa mdogo wangu atakwenda bara, kubeba sufuria na mkeka wa kirangozi. Nilisimama mle gizani, ukili mkononi. Mjomba alikuwa amekwisha toa neno. Nami sikuwa na sauti ya kuvuka kizingiti.

Wapagazi walizoea kusema kuwa huko Ugogo baridi ya usiku huingia mfupani na kukaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Mdogo wangu alikuwa na shuka moja. Nikaamua kumshonea kizibao chenye mikono, kinene, cha kujazwa sufi. Siku hizi mngekiita koti.

Mama alikuwa mtunga kofia. Alinifundisha kulaza vitambaa viwili, kuweka kitu katikati, na kupitisha mistari midogo midogo mpaka kitambaa kisimame chenyewe. Nikajisemea, kizibao ni kofia kubwa ya mwili, basi. Kitinda mimba ndiye aliyekuwa miguu yangu. Alizunguka uani akiokota kaniki zilizochoka, zile nguo za buluu nzito karibu na weusi, ambazo wapagazi walizitupa walipopokea mpya. Aliziingiza chumbani amezificha tumboni, akatembea kama mjamzito mdogo, mkaza mjomba akijifanya haoni.

Kaniki kuukuu haina rangi moja. Palipokunjwa pamebaki na weusi wa usiku, pa magotini pamefifia mpaka rangi ya mawingu, na pa begani, mzigo ulipokaa, pamekuwa laini kama sikio la mbuzi. Nilizichambua kwa vidole kuliko kwa macho. Ngumu niliziweka mabegani, maana hapo ndipo sufuria ingelala. Laini niliziweka shingoni na kifuani. Kaniki ya mama, niliyobaki nayo alipokufa, niliitenga kwa mkono wa kulia, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa analalia mkono wa kulia.

Sufi ilitoka kwenye msufi uliokuwa nyuma ya nyumba. Kuambua mbegu zake ndiyo kazi. Manyoya yanaruka, yanaingia puani, na mwali haruhusiwi kupiga chafya kwa sauti! Uzi niliuchomoa kwenye vipande vya merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, vilivyofungia mitumba ya bidhaa, nikausokota pajani na kuupaka nta. Nilishona kando ya tundu, nikifuata mwanga ulivyosogea sakafuni, na mwanga ukitoka nami nilikoma. Kila nilipolowesha uzi mdomoni, rangi ya kaniki ilibaki midomoni. Siku somo wangu alipoleta taa kunikagua alipiga kelele:

"Mwali gani huyu, midomo ya buluu! Mumewe atadhani tumemwoza samaki pono!"

Mkaza mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakitazama kizibao, akakipapasa mshono, akaniambia kwa ukali, "Shona karibukaribu. Bara hakuna fundi." Jioni ile nilipata vipande viwili vya samaki.

Sasa nikueleze desturi ya misafara. Msafara ulipotoka mjini haukwenda mbali siku ya kwanza. Ulipiga kambi karibu, mwendo wa kusikia ngoma, ili aliyesahau chumvi arudi kuichukua, na aliyesahau kuaga arudi kuaga. Mkaza mjomba alikuwa na msemo wake: "Aliyeacha kitu nyumbani, roho yake haijafunga mzigo." Msemo huo niliushika, nikaujengea mpango.

Asubuhi ya safari kizibao kilitoka chumbani kikiwa na mkono mmoja, wa kushoto. Wa kulia niliubakiza. Kitinda mimba alipeleka maneno niliyomfundisha: haukuwahi, arudi jioni kutoka kambini aje kuufuata. Nilitaka arudi. Nilitaka anisikilize pale tunduni, kisha badala ya kwenda kambini ashike njia ya Saadani, kwa shangazi yetu, dada yake baba, ambaye asingemfukuza mtoto wa kaka yake.

Barghumu, ile pembe ya msafara, ikalia, ngoma zikajibu, wanawake wakapiga vigelegele. Nikasikia miguu mingi, kisha miguu michache, kisha kuku tu.

Alikuja alasiri. Nikasikia pumzi yake tunduni kabla ya sauti.

"Dada. Wananiita Bwana Mkono Mmoja."

"Nani?"

"Wote! Kirangozi anasema ameajiri mtu na nusu nguo. Nimebeba sufuria kichwani, dada, jua likawaka, kichwa kikaiva kama maandazi."

"Leta bega," nikamwambia.

Akapenyeza mkono wake tunduni mpaka begani. Sikuwa nimeugusa tangu nilipowekwa ndani. Ulikuwa mwembamba, una kovu la kuku aliyemdonoa utotoni. Nikauvisha mkono wa kizibao, nikaanza kuushikiza begani, sindano ikipita pembeni mwa fito, na huku nikinong'ona. Nikamwambia habari za Saadani. Nikamwambia njia, mahali pa kuvukia mto, na maneno ya kumwambia shangazi. Nikadhani anayakariri.

"Nikikimbia," akasema mwishowe, "mjomba ataonekana mwongo mbele ya kirangozi."

"Aonekane."

"Na nyinyi je? Mtakula kwa nani?"

Nilikuwa nimeuandaa mpango wote, tundu, mkono, njia, na swali hilo dogo sikuliandaa.

"Toka basi," akasema. "Toka sasa hivi, tumbebe mtoto, twende wote watatu."

Niliweka sindano chini. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, haukuwa na komeo. Nje mkaza mjomba alikuwa akipepeta, na kitinda mimba alikuwa akimwimbia wimbo wa kuku. Mto ule na mamba wake, njia ile ya siku kadhaa, mtoto mgongoni, mwali asiye na rangi ya jua akikimbia mchana. Shangazi angetupokea, sawa, lakini tungefika? Nilikaa nimeshika mkono wake, wala sikusema naweza, wala sikusema siwezi.

"Haya, nimekuelewa," akasema. "Kata uzi, dada."

"Sijamaliza."

"Najua. Kata. Mkono ubaki kwako. Mkaza mjomba anasemaje? Aliyeacha kitu..."

Nikakata uzi kwa meno. Akauvuta mkono wake taratibu, na ule wa kaniki ya mama ukabaki mapajani mwangu, bado una joto lake. Nilimsikia akikimbia uchochoroni, halafu akapiga mluzi, mluzi wa kunionyesha kuwa halii.

Nilitolewa nje baada ya mavuno, nikachezwa, nikaolewa. Mpagazi mmoja alituambia amemwona Tabora kijana mwenye kizibao cha mkono mmoja. Mwingine akasema ni Ujiji. Kisha vita vikaja pwani, mizinga ikaunguruma kutoka baharini, tukakimbilia maporini, na tuliporudi nyumba ya mjomba ilikuwa majivu na msufi umesimama peke yake. Baadaye reli ikaanzia Dar es Salaam, na misafara ikakauka kama kisima. Barghumu sijaisikia tena. Wali hawakai ndani kama sisi, na mimi silii kwa hilo. Watu wakahamia Dar. Kitinda mimba alihamia pia, na kila mwaka hunitumia watu: "Dada, njoo, unangoja nini huko kwenye magofu?"

Anajua ninachongoja. Nilimwambia mume wangu tujenge pale pale ilipokuwa nyumba ya mjomba, na nilimwambia fundi aache tundu ukuta wa uchochoroni. Fundi akauliza ni la paka? Nikamwambia ndiyo.

Na mkono huu, rafiki yangu, sikuuacha ulivyokuwa. Kila nilipofikiri amekua, niliufumua nikaongeza. Ndiyo maana ukiutazama, katikati ni kaniki ya mama, kisha merikani, kisha kipande cha kanga ya arusi yangu, kisha kitambaa cha kaki nilichokiokota baada ya vita vikubwa vya Wazungu. Ulirefuka, ukapanuka, ukawa mkono wa mwanamume aliyeshiba. Hapo nikasimama kwa miaka mingi, nikaukunja kashani.

Jioni ile mjukuu alipouingiza kutoka kivulini niliushika nikaupima kwa mkono wangu mwenyewe, mkono uliokuwa mnene zamani na sasa ngozi imelegea juu ya mfupa. Nikawasha taa, nikatafuta sindano. Wazee hupungua. Nimeanza kuubana.