Sura ya Kumpelekea Mama

Mpiga picha wetu wa Uvira alianza utotoni, akichungulia watu kwenye tundu la boksi la sabuni na kuwaamuru watulie. Ukubwani alipata kamera ya kweli, lakini amri hazikupungua: kila mteja alishikwa kidevu na kugeuzwa kama embe la sokoni. Mwaka 1964, waasi walipouteka mji, kamanda wao aliingia studio na bunduki, uso ameukunja. Sisi wateja tuliokaa benchini tukajibana ukutani. Mpiga picha akamshika kidevu.

“Kamanda, hii picha ni ya nani?”

“Ya mama yangu, iko ku Kamanyola.”

“Basi weka bunduki. Na hii sura, weye utamukimbiza mama.”

Kamanda alimkodolea macho. Kisha akanilazia bunduki mapajani, akauliza kwa aibu, “Nionyeshe meno?”