Winchi Iliyochaguliwa kwa Sikio

Watu wa Mazingara wakikusimulia habari za Hiza, huanza na sauti yake, na mimi sioni sababu ya kuwapinga. Alikuwa mwimbishaji wa wavuta magari. Enzi za Mdachi, reli ilipofika Korogwe, mizigo ya mashamba ya mkonge ya upande wa Handeni ilishushwa stesheni, ikapakiwa kwenye magari mazito ya magurudumu ya chuma, nayo yakavutwa na watu, kwa kuwa ng'ombe waliangamizwa na ndorobo. Hiza hakushika kamba. Alitembea kando akiita, wenzake wakaitika na kuvuta kwa pigo moja. Wa kwanza kuitika siku zote alikuwa Paulo, Msambaa mwenye kifua kipana, na wengine walimfuata yeye. Ungedhani hao wawili wamenyonya ziwa moja.

Sheria yao ilikuwa moja tu: wimbo haukatwi njiani. Ulikatwa pale tu mtu akifa kazini. Hapo mwimbishaji hunyamaza, wavutaji huweka kamba chini, wala hakuna anayeuliza kitu.

Basi masika moja kali, ikafika boila ya shamba, mtambo wa chuma wa kuchemshia maji, mzito kuliko chochote walichowahi kuvuta. Nyapara Ernesti akamtuma Hiza ghala la stesheni achague winchi, mashine ya kuvutia mizigo kwa kuzungusha mpini, gari likikwama wapate kulinasua. Habakuki, mtunza ghala, akamtolea mbili.

"Hii ya mnyororo ni ya polepole, lakini ikishika haiachii," alisema. "Hii ya kamba ya waya ina haraka, ila ulimi wake huu wa chuma, unaoshika meno ya gurudumu lake, unataka adabu. Mkizungusha kwa kushtukiza unaruka jino, na mzigo unarudi ulikotoka."

Hiza akazungusha mpini wa ile ya mnyororo. Kimya. Akazungusha ile ya waya, na ulimi ukagonga meno: ta, ta, ta. Uso ukamchangamka.

"Hii inajua kuimba. Ile nyingine ni bubu, ndugu yangu. Nitaiimbishaje?"

"Umekuja kuchagua winchi au mke?"

"Mke nilishachagua, naye anasema kuliko zote mbili."

Wakacheka, na winchi ya waya ikapakiwa. Nawasikia vijana wa leo wakimwita Hiza mjinga, nami huwakemea. Sisi Wazigua kazi isiyo na wimbo twaiona mkosi. Yeyote miongoni mwetu angechagua vilevile, na mimi wa kwanza.

Gari lilikwama kwenye kijito upande wa Makuyuni. Ukingo ulimeguka, gari likateleza na kulala ubavu majini. Paulo alikuwa ameinama kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, na gurudumu likambana mguu kwenye tope. Maji yalimfika kifuani. Milimani kulikuwa kweusi, na rangi ya maji ilikuwa imeanza kugeuka nyekundu. Kila mzaliwa wa bonde lile anajua kinachofuata baada ya hapo.

Wakaifunga winchi kwenye shina la mkuyu, waya wakaukaza kwenye ekseli ya gari, wanaume wenye nguvu wakashika mipini. Hiza akaita. Wakaitika na kutupa mabega yao yote kwa pigo moja, kama walivyozoea. Gari likainuka kidogo, ulimi ukaruka, gari likarudi pale pale juu ya mguu. Yowe alilolipiga Paulo sitaki kulieleza.

"Polepole!" alifoka Ernesti.

Polepole ipi? Mikono iliyolelewa na wimbo haijui polepole. Hiza akaita tena kwa upole kadiri alivyoweza, na kwenye pigo mabega yakaenda, na ulimi ukaruka tena. Sasa maji yalikuwa shingoni mwa Paulo. Alining'inia kwenye njiti ya gurudumu kwa mikono miwili, kidevu juu.

Hapo ndipo maneno ya Habakuki yalipomwingia Hiza. Aliyekuwa akiishtua winchi hakuwa mwingine ila yeye na sauti yake. Akafunga mdomo, akawaonyesha kwa kiganja: zungusheni. Watu wakatazamana kwa hofu, lakini Ernesti mwenyewe akashika mpini mmoja, nao wakazungusha kimyakimya. Ulimi ukapanda jino, ukapanda jingine, ukashika. Gari likaanza kuinuka kama mzee anayeamka kitandani.

"Paulo anaachia!" mtu akapiga kelele kutoka ukingoni.

Hiza akageuka. Paulo alikuwa amefumba macho, midomo yake ikisali Baba Yetu, na mkono mmoja umekwisha kutoka kwenye njiti. Alikuwa amesikia wimbo umekatwa. Alijua maana yake, na hakuona mwingine wa kufa pale isipokuwa yeye.

Akiimba, winchi itaruka. Akinyamaza, Paulo atajiachia na maji. Hiza aliogopa, nasema wazi.

"Msinisikilize mimi!" aliwaambia wa kwenye mipini. "Mtazameni Ernesti tu!" Akajitupa majini, akamshika Paulo chini ya taya, akaweka mdomo sikioni mwake na kumwimbia taratibu, bila pigo, kama anambembeleza mtoto.

"Gari la nani hili?"

Akamtikisa taya.

"Gari la nani hili, wewe Msambaa?"

"La Mdachi," Paulo alinong'ona.

"Mgongo wa nani huu?"

"Wetu. Hiza, nimekufa?"

"Ungekuwa umekufa ungeniuliza? Itika!"

Maji yakapanda. Yalipofika mdomoni Paulo hakuweza tena kuitika, akawa anaminya kidole cha Hiza kila anapoitwa. Kidole kikaminywa, kikaminywa, halafu kidogo tu. Hiza aliita tena na hakuhisi kitu. Wakati huohuo tope likaachia, akavuta kwa uzito wake wote, na mguu ukatoka. Waliokuwa kwenye mipini waliiacha na kukimbilia majini. Gari likarudi na boila yake ndani ya kijito, wala hakuna aliyeligeukia.

Walimkamua maji tumboni mpaka akakohoa. Wakamlaza kwenye machela na kushika njia ya Korogwe kwa mganga wa wazungu. Kila Hiza aliponyamaza Paulo alishtuka na kufumba macho, kwa hiyo Hiza akaimba njia nzima, mvua ikimpiga usoni. Karibu na Kwamndolwa sauti ikakauka. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Wachukuzi wakasimama, wakainamisha vichwa.

Kutoka ndani ya blanketi Paulo akaanza yeye, kwa sauti ya kukwaruza:

"Mguu wa nani huu?"

Hakuna aliyejibu. Walizoea kumsubiri mwitikiaji wa kwanza, naye ndiye aliyekuwa machelani. Hiza hakuwahi kumwitikia mtu maisha yake yote. Akauinamia uso wa Paulo, na kwa pumzi tupu, maana sauti hakuwa nayo, akaitika:

"Wetu."

Wachukuzi wakaitika nyuma yake, wakainua machela juu ya mabega, wakaendelea.